Kurekebisha Hendeli Iliyolegea Kwenye Rili ya Zamani ya Kuvulia Samaki

Rili ya zamani ikianza kucheza mkononi, watu wengi huchukua bisibisi na kukaza kila skrubu wanayoiona. Nimefungua rili nyingi zilizopita katika mikono ya namna hiyo, na karibu zote ziliumizwa zaidi na ukazaji kuliko na ulegevu wenyewe: vichwa vya skrubu vimechubuka hadi bisibisi haishiki tena, virungu vya bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, vimepasuka, na nati zimelazimishwa juu ya nyuzi za skrubu zisizokuwa zake. Mwongozo huu unahusu hendeli, yaani mkono wa kuzungushia pamoja na vyote vinavyoushikilia, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu inayobeba nguvu zote za mvuvi na ndiyo huanza kulegea kabla ya nyingine. Ninaomba msomaji azingatie jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: atambue kwanza ni kiungo kipi hasa kinachocheza, kisha afanye kazi ndogo kabisa inayotosha kukituliza, na kazi hiyo, kila inapowezekana, iwe ile ambayo fundi mwingine ataweza kuitengua bila kuharibu kitu.

Majina ya sehemu za rili hutofautiana kati ya fundi na fundi, kwa hiyo nitaeleza ninavyoyatumia hapa. Bobini ni gurudumu linalobeba mshipi. Hendeli ina mkono wa chuma, na mwishoni mwa mkono huo pana kirungu cha kushikia, ambacho huzunguka juu ya pini. Upande wa pili, mkono wa hendeli una tundu linaloingia kwenye shafti, na shafti nayo hupita ndani ya bushi, yaani kipande cha chuma chenye tundu kinachoishikilia shafti, iliyomo kwenye bamba la ubavuni kabla ya kufika kwenye gia. Katika rili ambazo bobini yake huzunguka, mpangilio huu huonekana wazi ukitazama ubavuni. Katika zile ambazo bobini imetulia na mshipi hufungwa kwa waya unaoizunguka, aina ambayo Mwingereza Alfred Illingworth aliipatia hataza mwaka 1905, shafti ya hendeli hupita kwenye mwili wa rili, lakini viungo vyenyewe ni vilevile.

Kutafuta kiungo kinachocheza

Usifungue chochote bado. Funga rili kwenye kipande kifupi cha ufito au kijiti kinene ili mguu wake, yaani sehemu inayofungwa kwenye ufito, utulie, kisha uushike mwili wa rili kwa mkono mmoja. Anza na kirungu. Bana mkono wa hendeli kwa vidole viwili karibu kabisa na pini ili usisogee hata kidogo, halafu kitikise kirungu kwa mkono mwingine. Kirungu kikicheza peke yake juu ya pini, tatizo liko kati ya hivyo viwili. Pini ikiwa inacheza pamoja na kirungu, weka ukucha wa kidole gumba kwenye ungio la pini na mkono wa hendeli, na utasikia mwendo mdogo ambao jicho halikuuona. Hizo ni kasoro mbili zenye tiba mbili, na kuzichanganya ndiko kunakofanya kirungu kigongwe kwa nyundo bure.

Baada ya hapo shika bobini, au rota (sehemu inayozungusha waya katika rili za bobini iliyotulia), isizunguke, na usukume hendeli mbele na nyuma kama mtu anayetaka kuvuta mshipi, huku ukiangalia ncha ya shafti katikati ya nati. Hendeli ikisogea ilhali ncha ya shafti imetulia, tundu la hendeli limelegea juu ya shafti. Vyote viwili vikisogea pamoja, basi ulegevu uko ndani zaidi, na kukaza nati hakutausaidia. Mwisho, sukuma hendeli kuelekea juu na chini, si kwa kuizungusha bali kwa kuibonyeza pembeni. Shafti yenyewe ikiyumba ndani ya bamba la ubavuni, bushi imelika.

Hapa inafaa kutenga mwendo ambao si kasoro. Rili nyingi za zamani huzuia hendeli isirudi nyuma kwa kidole kidogo cha chuma kinachonasa kwenye meno ya gurudumu la kuzuia. Kabla kidole hakijanasa, hendeli hurudi kidogo, na kiasi chake hutegemea idadi ya meno. Gurudumu lenye meno 8 lililo kwenye shafti ya hendeli linaweza kuiruhusu irudi hadi digrii 45 kabla ya kusimama. Aliyezoea rili za kisasa, ambazo husimama papo hapo, hudhani kwamba rili yake ya zamani imeharibika, kumbe inafanya kazi kama ilivyobuniwa. Utautambua mwendo huo kwa kuwa ni laini, kisha husimama ghafla kwa mlio mmoja mkavu. Ulegevu wa kweli hutikisika pande zote mbili na hutoa sauti ya kugongana kwa vyuma.

Bisibisi kabla ya skrubu

Sitaorodhesha vifaa vyote, kwa kuwa vingi ni vya kawaida: kitambaa, kisahani cha kuwekea skrubu, mafuta mepesi, grisi, brashi ya meno iliyochakaa, na simu ya kupiga picha kila hatua kabla ya kutoa kitu. Ila bisibisi inastahili maneno zaidi. Bisibisi za kawaida za ncha bapa zimechongwa kama kabari, ambayo ni nyembamba nchani na hunenepa kuelekea juu. Ukiizungusha kabari ndani ya mfuo wa skrubu, hushika kingo za juu tu na kujisukuma itoke nje, na hapo ndipo kingo za mfuo hukatika. Kwa rili ya zamani tafuta bisibisi ambayo pande za ncha yake zinakwenda sambamba, au uchonge ya kwako kwa tupa hadi ijaze mfuo wote kwa upana na kwa kina. Upana wa ncha usizidi kipenyo cha kichwa cha skrubu, la sivyo utakwaruza chuma kilichokizunguka.

Skrubu isiyokubali kutoka isilazimishwe. Weka tone la mafuta ya kulegeza kutu, iache usiku kucha, kisha ugonge kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi ili mtikisiko uyapeleke mafuta kwenye nyuzi. Ikiendelea kugoma, gusa kichwa cha skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemu cha umeme kwa sekunde chache. Joto huitanua skrubu, na ikipoa husinyaa na kuvunja mshiko wa kutu. Usifanye hivyo pale skrubu inapoingia kwenye ebonaiti, yaani mpira mgumu mweusi uliotumika kwa mabamba ya ubavuni ya rili nyingi kongwe, wala penye seluloidi, plastiki nyingine ya zamani ambayo hushika moto upesi mno. Bakelaiti, ambayo Leo Baekeland aliivumbua mwaka 1907, haiyeyuki, lakini joto la ghafla huipasua.

Pengine utakuta nyuzi zinazofunguka kwa kuelekea kulia badala ya kushoto. Watengenezaji waliziweka makusudi pale ambapo mzunguko wa kawaida wa hendeli ungeifungua nati. Kabla ya kutumia nguvu, jaribu kwa wepesi pande zote mbili na usikilize ni upande upi unaokubali.

Hendeli inayocheza kwenye shafti

Katika rili nyingi za bobini ya kuzunguka, zikiwemo nyingi za Penn, kampuni iliyoanzishwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, shafti imekatwa bapa pande mbili na tundu la hendeli lina umbo hilohilo. Nati huibana hendeli juu ya shafti, na skrubu ndogo iliyo kando ya nati huizuia isizunguke. Chini ya hendeli kuna gurudumu lenye ncha kama za nyota ambalo hukaza breki. Gurudumu hilo likiwa limelegezwa hucheza, na hiyo ni kawaida yake, kwa hiyo likaze kidogo kabla ya kupima chochote.

Ni muhimu kuelewa jinsi ulegevu huu unavyozaliwa. Nati ikilegea hata kwa kiasi kisichoonekana, kila mvuto wa hendeli huzigongesha pande bapa za tundu dhidi ya shafti. Mkono wa hendeli mara nyingi ni wa shaba ya njano iliyopakwa nikeli au kromu, na shaba hiyo ikiwa laini kuliko shafti inayogongana nayo, tundu huliwa taratibu hadi kuwa pana. Mtu aliyeona nati imelegea na kuendelea kuvua kwa msimu mzima tayari amelipanua tundu, na nati ikikazwa baadaye itabana tu kwa juu bila kuuondoa mwendo wote.

Kwa hiyo fungua kwanza ile skrubu ndogo, kisha nati, na uinue hendeli moja kwa moja kuelekea juu. Safisha tundu na pande bapa za shafti kwa brashi yenye mafuta mepesi. Grisi iliyoganda na kutu ya kijani huweza kuifanya hendeli isikae hadi chini, na mara kadhaa nimeona usafi peke yake ukimaliza tatizo. Rudisha hendeli bila nati na uitikise. Ikikaa imara, kosa lilikuwa la nati tu.

Hata hivyo, kuna kasoro moja ambayo imewapotosha wengi, nami nikiwa mmojawapo. Nati inakuwa imekazwa hadi mwisho, lakini hendeli bado inapanda na kushuka kwenye shafti. Nilipokutana na hali hiyo mara ya kwanza niliendelea kukaza hadi uzi wa nati ukakatika, na rili ile ilikuwa ya marehemu babu yangu. Chanzo chake ni kwamba nati imefika mwisho wa nyuzi, au imekalia bega la shafti, kabla ya kuigusa hendeli, kwa kuwa uso wa hendeli umelika. Dawa yake ni washa, yaani pete bapa, nyembamba ya shaba chini ya nati, yenye unene unaotosha kuifanya nati ibane hendeli kabla ya kufika mwisho. Hakuna kinachokatwa wala kugongwa, na washa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote.

Ikiwa tundu limepanuka kweli, kata vipande viwili vya bamba jembamba la shaba lenye unene wa milimita 0.05 au 0.1, na uvikunje ili kila kimoja kilale kati ya upande bapa wa shafti na ukuta wa tundu. Weka viwili vinavyolingana, kimoja kila upande, ili hendeli ibaki katikati, kwa sababu kipande kimoja kinene huisukuma upande mmoja na kuifanya iyumbe inapozunguka. Hendeli iingie kwa kusukumwa kwa kidole gumba kwa nguvu. Ikihitaji nyundo, vipande ni vinene mno. Wako mafundi wanaopendelea kugonga kingo za tundu kwa panchi ili chuma kisogee ndani na kulipunguza. Njia hiyo hufanya kazi, lakini huacha alama, huweza kupasua nikeli au kromu, na haina marejeo. Mimi huiacha kwa hendeli ambayo haina tena thamani nyingine.

Unaporudisha nati, ikaze kwa mkono wa kiasi hadi hendeli itulie, kisha utazame kama upande wa nati umelingana na nafasi ya ile skrubu ndogo. Usipolingana, sogeza nati mbele kidogo, kamwe usiirudishe nyuma. Ikiwa kuisogeza mbele kunahitaji nguvu kubwa, igeuze nati juu chini na ujaribu tena, kwani mara nyingi pande zake huangukia mahali tofauti.

Kirungu na pini yake

Kirungu kilichofungwa kwa skrubu hakina shida: safisha, tia tone la mafuta, kaza hadi mwendo wa juu na chini uishe huku kirungu kikiendelea kuzunguka chenyewe. Kazi ni pale ambapo pini imefungwa kwa kugongwa kichwa kama ribiti, na rili nyingi za zamani ziko hivyo. Kichwa hicho kikilika, kirungu hupanda na kushuka juu ya pini, na tiba yake ni kukitandaza kidogo zaidi.

Chukua karatasi ya kawaida ya kuandikia, ambayo unene wake ni takriban milimita 0.1, ukate mwanya katikati ili iingie kati ya kirungu na mkono wa hendeli kama uma, ikizunguka pini. Karatasi hiyo italinda nafasi ndogo ambayo kirungu kinahitaji ili kizunguke. Kisha kalisha ncha ya pili ya pini, ile iliyo nyuma ya mkono wa hendeli, juu ya kipande kizito cha chuma. Pini peke yake ndiyo iguse chuma hicho, si mkono wa hendeli wala kirungu, kwa sababu pigo lazima lisafiri ndani ya pini. Tumia nyundo ndogo yenye uso wa duara, na uanze kugonga ukingo wa kichwa cha pini ukizunguka pole pole, pigo jepesi baada ya pigo jepesi. Pigo la katikati huacha kibonyeo kichwani tu. Pigo la ukingoni ndilo linalokitandaza. Baada ya kila mapigo matano au sita simama, tikisa kirungu na usikilize. Karatasi ikianza kubanwa kiasi cha kuchomoka kwa shida, kazi imekwisha. Ichomoe, utie tone moja la mafuta, na kirungu kinapaswa kuzunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Kwa kirungu cha bakelaiti au seluloidi chunguza kwanza kama kuna nyufa, hasa kuzunguka tundu, kwa kukielekeza kwenye mwanga wa taa na kukigeuza taratibu. Kirungu chenye ufa kisigongwe hata mara moja. Bora kibaki kikicheza na rili ipumzike kabatini kuliko kupoteza kipande ambacho hakitengenezwi tena.

Ikiwa ni pini yenyewe inayocheza kwenye mkono wa hendeli, geuza kazi: kalisha kichwa cha upande wa kirungu juu ya chuma chenye kibonyeo kinachokipokea, na ugonge mguu wa pini kutoka nyuma kwa namna ileile.

Bushi, mguu na gundi

Bushi iliyolika haikazwi. Hubadilishwa, na kazi hiyo huhitaji mashine ya kukerezea chuma, kwa hiyo mpelekee fundi mwenye mashine hiyo pamoja na shafti yenyewe ili apime vyote viwili. Grisi nzito kidogo ndani ya bushi hutuliza mwendo kwa muda, na kwa rili inayovua mara chache kwa mwaka hilo laweza kutosha.

Mguu wa rili ukicheza, tazama kama kuna unga mweupe kwenye ungio lake na mwili. Unga huo ni alumini inayoliwa pale inapogusana na shaba au chuma kwenye maji ya chumvi. Toa skrubu, safisha unga wote, paka grisi nyuzi na nyuso zinazogusana, kisha ufunge tena.

Skrubu iliyopotea isijaziwe na yoyote inayokaribia. Rili nyingi za zamani za Uingereza zilitumia nyuzi za BA (British Association), kipimo cha zamani cha skrubu ndogo, ambamo namba 6 ina kipenyo cha milimita 2.8 na hatua ya milimita 0.53 kati ya uzi na uzi. Skrubu ya M3 ya leo, ya vipimo vya metriki, ina kipenyo cha milimita 3 na hatua ya 0.5. Ukizitazama mezani hutazitofautisha, na M3 itaingia mizunguko miwili ya mwanzo bila ubishi, kisha itakata nyuzi za asili zote. Pima kwa kifaa cha kupimia milimita kabla ya kununua.

Gundi ya kukazia nyuzi inafaa kwa skrubu zinazolegea zenyewe, ilimradi iwe ile ya nguvu ndogo iliyokusudiwa kwa skrubu ndogo. Gundi hii hukauka ikikosa hewa huku ikigusa chuma, kwa hiyo nyuzi zisafishwe mafuta kwanza, tone moja dogo linatosha, na rili iachwe hadi kesho yake kabla ya kuvuta mshipi. Isigusane na plastiki, kwani baadhi ya plastiki hupasuka kwa kuguswa nayo. Gundi ya nguvu kubwa isikaribie kabisa rili ya zamani, maana kuifungua huhitaji joto la zaidi ya digrii 200, na joto hilo litaharibu kila kisicho chuma kilicho jirani. Gundi za kukauka papo hapo nazo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye nikeli na bakelaiti iliyong'arishwa.

Ukishamaliza, chora kwa kalamu ya wino mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye mkono wa hendeli. Nenda ukavue kwa saa kadhaa, kisha utazame. Mstari ukiwa bado umenyooka, ufute na uendelee kuitumia rili. Ukiwa umekatika, nati imesogea, na sababu iko kwenye pande bapa za shafti wala si kwenye nguvu ya mkono wako, hivyo itoe hendeli tena na upime upya unene wa vile vipande vya shaba.